Orodha ya Nyumba Sitini na Tatu

Morris Mwandawiro alipoteza majina ya nyumba sitini na tatu, na watu waliposema kwamba Mwanamvita ndiye aliyeyauza, alinyamaza. Shangazi yake Jedidah aliujua ukweli, naye akanyamaza. Huo ndio ubaya aliotendewa Mwanamvita binti Sheikhan mjini Voi, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule hata siku moja. Babake, muuza vitambaa aliyehamia Voi kutoka Mombasa, alimpeleka chuoni akahitimu Kurani, akaona inatosha kwa mtoto wa kike. Herufi za Kizungu alifundishwa na mumewe, Samir, aliyekuwa akiwaandikia watu barua na maombi kwa taipureta, barazani karibu na mahakama. Macho ya Samir yalipoanza kufifia, yeye alitamka na mkewe akapiga. Kiswahili Mwanamvita alikielewa. Kiingereza alikinakili herufi moja moja, kama fundi anayefuata mshono wa nguo ya mtu asiyemjua, na hakukosea. Karani mmoja aliwahi kumsifu kwa Kiingereza chake safi. Mwanamvita aliinamisha kichwa asionekane usoni, kwa kuwa katika ukurasa ule mzima alikuwa haelewi hata neno moja.

Samir alipofariki, kazi ya barazani ilikufa naye. Ndipo Jedidah alipomjia. Jedidah alikuwa mwalimu mstaafu, Mtaita wa milimani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichokuwa na chumba kimoja nyuma ya soko. Marafiki wa kanisa lao huko ng'ambo waliwapa kompyuta na printa, na katika akina mama wote hapakuwa na aliyethubutu kuigusa.

"Wewe vidole vyako vinajua njia, Mama Khairat," Jedidah alimwambia. Khairat ni binti yake wa pekee, aliyeolewa Maungu. "Njoo utuchapie."

Mwanamvita alikwenda, lakini mashine ile aliiogopa tangu siku ya kwanza. Taipureta ukikosea unaona kosa lako kwenye karatasi. Hii ilimeza kila kitu ikakaa kimya. Kwa hiyo alijitengenezea njia yake. Alinunua daftari la mtoto wa shule akachora ndani yake picha zote za kwenye kioo, moja baada ya nyingine: kwanza kile kitufe cha chini kwenye pembe, kisha picha ya karatasi, kisha ile ya disketi, kisha ile ya printa. Maneno hakuyasoma. Alihesabu: ya tatu kutoka juu, ya pili kutoka kushoto. Na kwa kuwa umeme wa Voi hukatika na kurudi kwa kishindo, kila jioni kabla ya kufunga mlango alichomoa plagi ukutani, akaifunika mashine kwa leso kuukuu. Asubuhi ilinung'unika kidogo kwa kioo cha buluu, halafu ikatulia ikafanya kazi.

Hivyo ndivyo alivyoandika ile orodha. Watu waliokuwa wakiishi pembezoni mwa Ndara, kwenye mpaka wa shamba kubwa la ng'ombe, walitakiwa na kamati ya ardhi waeleze wao ni nani na waliingia lini. Karatasi zao za zamani zilikuwa zimeozeshwa na mvua za El Nino. Walikuja kwake mmoja mmoja, mwaka mzima, wakakaa kwenye kiti cha mbao na kusema: jina la mwenye nyumba, mwaka alioingia, makaburi aliyonayo, mti ulio kwenye mpaka wake. Mzee Fanuel, mchunga mbuzi, alikaa asubuhi nzima kwa sababu alitaka makaburi yote saba yaandikwe na majina yake. Mwanamvita akayaandika. Kilonzo, jirani yake, alimtania: "Fanuel, wewe unaandikisha shamba au unafanya matanga?"

Nyumba sitini na tatu. Jedidah alikataza isichapwe kwenye karatasi kabla ya siku ya kikao, maana wino wa printa uliletwa kutoka Mombasa na ulikuwa haba. Orodha ikakaa ndani ya mashine. Kila Ijumaa, kwa hofu ya kuipoteza, Mwanamvita aliihifadhi tena kwenye disketi ileile. Disketi ilikoroma kwa muda mrefu, yeye akinywa chai na kuisikiliza, na ilipomaliza kukoroma ndipo alipopumua.

Desemba ya tisini na nane Morris akaja. Alikuwa mtoto wa kaka yake Jedidah, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, kijana mwenye kucheka ovyo na mkoba uliojaa sidii. Aliiwasha kompyuta, akatazama kidogo, akapiga mluzi.

"Shangazi, ina virusi. Na hii Windows yenu ni ya kunakiliwa, haina leseni. Nasikia Nairobi askari wanapita ofisi kwa ofisi wakizisaka. Wakifika hapa watabeba mashine pamoja na mwenyekiti."

Jedidah alishika kifua. "Mimi? Na cheo changu kanisani?"

"Wewe na Mama Khairat. Yeye hatahitaji wakili, kesi za Voi zote amezichapa yeye."

Akina mama wakacheka. Mwanamvita hakucheka.

Morris akatoa sidii moja, akaishika juu kwenye mwanga. "Dawa ni hii. Inaitwa Linux, inakaa mahali pa Windows. Haina virusi, hailipiwi, haina mwenyewe. Imeandikwa na watu wa dunia nzima wasiojuana."

"Kitu kisicho na mwenyewe," Mwanamvita akauliza, "kikiharibika analalamikiwa nani?"

"Hakiharibiki, mama."

"Na orodha?"

"Naitoa kwanza. Naweka kwenye disketi, nafuta ile takataka, naweka hii, narudisha orodha. Wacha wasiwasi."

Akaitia disketi mpya. Mwanamvita alisimama nyuma ya bega lake. Aliona mkono wa Morris ukizikamata zile picha kwenye kioo, picha ya barua, picha ya orodha, na kuziburura upande wa pili kama mtu anayefagia makombo. Disketi ikakoroma mara moja tu, ikanyamaza. Tayari.

"Mbona imekwisha upesi hivyo?" alisema. "Mimi nikiihifadhi orodha ile, inakoroma mpaka chai inapoa."

"Mkono wako mzito, Mama Khairat. Mashine inajua inashikwa na nani."

Jedidah alicheka mpaka akashika meza. Mwanamvita akataka kusema iangaliwe tena, akajiona mjinga mbele ya mtu wa chuo kikuu. Alinyamaza. Na kunyamaza kule hajakusahau. Morris alikuta mezani disketi ya zamani ya Mwanamvita, ile ya Ijumaa, akaona ni ya kuchezea tu, akaifuta na kuitumia kuanzishia mfumo wake mpya. Hakuuliza.

Kazi ilichukua siku mbili. Ilipokwisha, kile kitufe cha pembeni hakikuwapo. Picha zilikuwa chache, ngeni, na daftari lake halikuwa na hata moja. Kabla ya picha kulitokea kioo cheusi chenye maandishi meupe yaliyopanda mbio, kisha mashine ikasimama na kumngoja aandike jina na neno la siri. Programu ya kuandikia barua, kwa kuwa mashine ilikuwa ya zamani na kumbukumbu yake ndogo, ilifunguka polepole hata mtu angeweza kwenda kununua maziwa na kurudi.

"Nionyeshe orodha," Mwanamvita alimwambia siku ya kuondoka.

"Treni yangu ndiyo hiyo, mama. Disketi iko kwenye droo. Utaifungua mwenyewe, ni vilevile tu."

"Na printa?"

"Printa nitaimalizia Pasaka."

Jioni ile Mwanamvita akafanya kama alivyofanya kila jioni kwa miaka miwili. Alichomoa plagi ukutani, akafunika leso. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mfumo huu mpya lazima uagwe kwanza kwa maneno ya kuuzima, kabla ya plagi.

Asubuhi maandishi meupe yalipanda, yakakatika katikati. Chini kabisa pakabaki sentensi moja, na kialama kidogo kikipepesa. Akabonyeza herufi, hakuna. Akazima, akawasha. Sentensi ileile. Hakuwa na picha ya kubonyeza wala ya kuhesabu, maneno matupu, ya Kiingereza. Alifunga mlango, akafunika mashine, na kwa siku kadhaa aliwaambia wateja kwamba umeme ni mdogo.

Wiki ya pili ya Januari tangazo likaja: kamati ya ardhi itakaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku sita. Jedidah akaingia chumbani akiwa na tangazo mkononi.

"Haya, Mama Khairat, wino ninao. Tuipige ile orodha."

Mwanamvita akafunua leso. Jedidah alisoma sentensi ile kwa sauti, naye akawa hajui inataka nini. Katika Voi nzima waliokuwa na kompyuta hawakufika vidole vya mikono miwili. Waliuliza kote, na kila waliyemwuliza alijibu kwamba hajawahi kuiona hiyo Linux. Mmoja alikuja mpaka mlangoni, akaona kioo cheusi, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Hiyo mimi siigusi. Ikifa mtasema ni mimi."

Ilibaki kumpigia Morris. Simu ilikuwa posta, mashine nyuma ya soko. Mwanamvita alinakili maandishi yote ya kioo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Wakaenda kwenye kibanda cha simu, Jedidah akitia sarafu, mlinzi wa bweni kule Nairobi akaenda kumwita Morris, sarafu zikiendelea kuliwa. Mwanamvita akamsomea herufi. Morris akampa neno la siri, Mwanamvita akaliandika kiganjani, akakimbia juani mpaka chumbani.

Akaliandika. Kioo hakikuonyesha herufi hata moja. Akadhani vitufe vimekufa. Akaliandika tena kwa nguvu, akalikatiza katikati, akaanza upya. Mashine ikakataa. Akakimbia kurudi posta, buibui likimnasa miguuni.

"Haiandiki!"

"Inaandika," sauti ya Morris ikacheka kwenye waya, "ila haionyeshi. Ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama gani wa kumficha mtu herufi anazoandika mwenyewe?"

Akakimbia tena. Safari hii aliandika taratibu, kama kipofu, akitaja kila herufi kwa mdomo. Mashine ikakubali. Ikamwuliza swali, akabonyeza herufi aliyoambiwa, ikauliza lingine, na lingine, labda mara arobaini, na kila mara alifikiri hii ndiyo itakayoangamiza kila kitu. Mwisho ikaamka. Akatia disketi, akangoja ile programu kufunguka, akina mama wakiwa wamejaa mlangoni, mzee Fanuel akiwa mbele yao na bakora yake.

Orodha ilifunguka. Ndani yake mlikuwa na vimiraba, vialama vya ajabu, na jina la orodha yenyewe. Basi. Hakuna Fanuel, hakuna Kilonzo, hakuna kaburi wala mti. Jedidah alitaka ichapwe hivyohivyo, labda karatasi itaonyesha kinachofichwa. Printa ilitoa ukurasa ambao maandishi yake yaliteremka kama ngazi, kila mstari ukianzia pale uliopita ulipoishia, mpaka yakatoka nje ya karatasi.

"Ni jini," mtu akasema nyuma. Priscilla, mweka hazina wa kikundi, akatoka nje.

Jedidah alirudi posta peke yake. Aliporudi hakumtazama Mwanamvita machoni. Akasimama mbele ya wote, akasema: "Morris anasema disketi aliiacha nzima. Anasema tumwulize aliyekuwa na ufunguo wa droo."

Ufunguo wa droo ulikuwa umening'inia shingoni mwa Mwanamvita. Kila mtu aliuona.

Kutoka saa ile alianza kuishi kwa hofu. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika mpaka kijiji cha Mraru: yule mwanamke wa Kiislamu, mtu wa pwani asiye na shamba wala kaburi huku, amelipwa na mwenye ng'ombe afute majina. Sokoni wachuuzi waliacha kumwita. Askari mmoja aliingia chumbani kununua bahasha, na Mwanamvita akakaa chini bila kujua kwamba amekaa. Aliposikia kokoto juu ya bati la nyumba yake, akidhani imerushwa na watu, alihesabu mpaka kumi kabla ya kuthubutu kutazama nje, ingawa mara nyingi ilikuwa upepo tu. Khairat alimtumia ujumbe ahamie Maungu. Hakwenda. Aliogopa kwamba akiondoka watasema amekimbia.

Alikaa chini na taipureta ya Samir, akaanza kuikumbuka orodha. Mkono ulikumbuka kuliko kichwa. Nyumba ishirini na nane zilirudi zikiwa kamili, pamoja na miti. Zilizobaki zilikuja vipande vipande, kwa hiyo akajifunga leso akaenda kwa miguu kuwauliza wenyewe. Wengi hawakumfungulia. Kwa Fanuel alifika saa tano, jua likiwa kali. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, hakumpa kiti.

"Mzee wangu, nakumbuka makaburi matano. Mawili yamenitoka. Nitajie niyaandike."

"Umekuja kuhesabu nyumba zilizobaki?"

"Wallahi sikufuta kitu."

"Nyumba yangu uliiuza kwa ngapi, mama? Nataka kujua tu. Nisije nikafa bila kujua bei yangu."

Akarudi na karatasi tupu, akisikia nyuma yake mbwa wa Fanuel wakifunguliwa, akajizuia asikimbie. Alhamisi orodha ikapelekwa kwenye kamati na nyumba ishirini na nane. Nyumba thelathini na tano hazikuwamo. Baada ya mwezi vigingi vya mpaka vilipigwa, na boma la Fanuel likawa ndani ya shamba la ng'ombe, makaburi yake yote saba.

Mwanamvita alichukua ile disketi ya Morris, akaifunga kwenye kitambaa, akapanda basi mpaka Mombasa kwa Munir, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa fundi kwenye duka la kompyuta. Alimweleza kila kitu, hata lile la disketi kukoroma mara moja. Munir aliitia kwenye mashine yake, akabonyeza mara mbili tatu, akageuka.

"Shangazi, huyu mtu hakuitoa orodha."

"Iko wapi basi?"

"Ilifutwa palepale. Hizi alizoburura ni alama za kuonyesha njia tu. Mtu ameng'oa kibao kilichoandikwa Voi, akakitia mfukoni, akadhani ameubeba mji. Angekuwa ameitoa orodha ya nyumba sitini, disketi isingemaliza upesi."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mbele ya watu, wakacheka." Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Alimwomba Munir ayaandike yale kwa barua, kwa Kiswahili, na kutia sahihi yake. Akampelekea Jedidah nyumbani kwake. Jedidah aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Khairat. Mtoto ana mtihani wa mwisho mwezi wa tano. Ameahidiwa kazi. Jambo hili likitoka sasa, wale watu wa Ndara watamfuata mpaka Nairobi."

"Na mimi wamenifuata mpaka mlangoni."

"Wewe ni mtu mzima, utavumilia. Maneno ya watu huisha."

"Barua yangu, dada Jedidah."

"Itakaa kwangu salama." Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, akaufunga, kifungo kikalia. Mlio ule ndio Mwanamvita anaousikia mpaka leo.

Morris alikuja Pasaka. Hakuimalizia printa. Alipomwona Mwanamvita mbele ya posta alivuka barabara, akajifanya anatazama malori.

Kikundi kilipata mashine nyingine, yenye Windows ya kunakiliwa ileile, na hakuna aliyetaja tena msako wala leseni. Ya zamani iliwekwa kwenye kona, na akina mama hawaruhusu watoto waikaribie. Ukiwatajia Linux wanasema ni ile mashine ya jini iliyokula mashamba ya watu. Mwanamvita hasemi hivyo. Mashine ile ilimtisha, ilimdai maneno asiyokuwa nayo na ikamficha herufi zake mwenyewe, lakini haikuula ule mji wa Munir. Mji ulipotea kabla Linux haijaingia, mkononi mwa mtu aliyekuwa akicheka. Na kwa miaka mingi ijayo hakuna mtu wa Voi atakayekubali kuletewa Linux, kwa sababu Morris hakutaka kusema maneno machache.

Maneno hayo bado yanadaiwa. Morris Mwandawiro anadaiwa asimame katika chumba kile nyuma ya soko, mchana, mbele ya akina mama walewale waliocheka, Fanuel akiwapo kama bado yu hai, aseme kwa mdomo wake: "Niliburura alama, orodha nikaifuta mimi." Jedidah anadaiwa barua ya Munir, iliyomo kwenye mkoba wake. Na Mwanamvita, ambaye hadaiwi chochote, bado anahesabu mpaka kumi kila kokoto inapogonga bati.